Mukula wa upande wa Kasomeno
Mukula, ambao wataalamu huuita Pterocarpus tinctorius, ni mti wa misitu ya miombo wenye kiini chekundu, mgumu, unaokua polepole. Kasomeno, katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo (DRC), penye njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasenga na Pweto, imezungukwa na miombo hiyo. Kabla ya misumeno ya injini, gogo lilipasuliwa na watu wawili: mmoja juu, mwenzake chini, unga wa mbao ukimwangukia usoni. Baadaye Haut-Katanga ilinyimwa faida ya kupasua mbao zake yenyewe: katika miaka ya 2010, mahitaji ya fanicha nchini China yalipopanda, mukula ulisafirishwa kupitia Zambia ukiwa magogo yasiyopasuliwa.