Herufi Kubwa na Ndogo katika Majina ya Faili

Wazee wetu wa pwani walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu hawakuhitaji kuchagua baina ya herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa hati ile haina tofauti hiyo. Tofauti hiyo ilitujia pamoja na herufi za Kirumi, na leo yazusha swali katika kompyuta: je, faili iitwayo “Utenzi” na ile iitwayo “utenzi” ni moja au mbili?

Asili ya swali ni kwamba kompyuta haihifadhi herufi, bali namba. Mpango wa Kimarekani uitwao ASCII ulipotolewa mwaka 1963 ulikuwa na herufi kubwa tu. Ndogo zilitiwa katika toleo la 1967. Humo A ni 65, na a ni 97. Kwa mashine, basi, hizo ni alama mbili zisizo na udugu. Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kuunda Unix katika maabara ya Bell mwaka 1969, waliliacha jambo hivyo hivyo: namba zikitofautiana, majina ni mawili. MS-DOS ya mwaka 1981 ilishika njia nyingine, ikayageuza majina yote kuwa ya herufi kubwa. Windows NT ya mwaka 1993 ilitunza jina kama lilivyoandikwa, lakini kwa kawaida huyahesabu mawili hayo kuwa moja.

Wako wasemao kwamba njia ya Windows yamfaa binadamu zaidi. Hoja hiyo ina nguvu. Ila yataka mashine ijue herufi kubwa ya kila herufi ndogo, na hilo ni jambo la lugha. Waturuki, tangu walipochukua herufi za Kirumi mwaka 1928, wana i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina kubwa yake. Kanuni iliyo sahihi kwa Kiingereza ni kosa kwao.

Kwa watunzao miswada, jambo hili si dogo. Faili mbili za namna hiyo zikihamishwa kutoka Unix hadi Windows, moja yaweza kuifuta ya pili, na nakala ikapotea. Kwa maoni yangu, mashine na itunze jina kama lilivyoandikwa. Lakini mwandishi naye asitenganishe kamwe majina mawili kwa ukubwa wa herufi peke yake. Herufi kubwa haisikiki, na majina yasiyotofautika yasomwapo kwa sauti hayafai kuachiwa jicho liyatenganishe.