Mbaazi za Kilwa na Nyama ya Mwili

Leo hatutasema habari ya mbolea wala ya nafasi za kupandia. Tutasema habari ya mwili wako wewe unayeshika jembe. Tutaanza mbali kidogo, huko Kilwa Kisiwani, tuone wazee wa pwani hii walikula nini, na sisi tumefikaje mahali ambapo mtu hushiba kila siku na bado mikono yake haina nguvu.

Miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba katika magofu ya Kilwa. Katika majaa ya watu wa kale mlikuwa na mifupa ya samaki, makombe ya baharini, na mifupa ya mbuzi na kuku. Basi kitoweo hakikuwa haba. Ushahidi mwingine ni wa adui. Mwezi Julai 1505 Wareno waliuvamia mji na kuupora, na mmoja wa watu wa merikebu zile aliandika aliyoyaona. Anasema kisiwa kilikuwa na watu 4,000, na nafaka, siagi, asali, ng'ombe, kondoo, mbuzi, samaki tele. Kisha anataja jambo ambalo mimi lilinifurahisha sana: aina za kunde zinazozaa kwenye miti mirefu, ambazo zikikomaa huchumwa na kuwekwa akiba. Wewe mkulima wa Lindi unaujua mti wa kunde unaompita mtu kimo? Mimi nasema ni mbaazi. Mwandishi huyo anasema pia kwamba waliokuwa wakilima mashamba ni watumwa. Hasemi wao walipewa nini kula.

Haya, sasa tuingie mwilini. Chakula cha wanga, yaani muhogo, mchele, mahindi, ni kama kuni: kinatupa nguvu ya kulima. Kikizidi, mwili hukigeuza mafuta na kuyaweka tumboni na chini ya ngozi, akiba ya siku ya njaa. Lakini protini, ambayo zamani tuliita chakula cha kujenga mwili, haina ghala. Protini yote uliyo nayo iko kazini. Ni misuli, ni moyo, ni damu, ni ngozi. Kila siku sehemu yake inabomoka na kujengwa upya, kama paa la makuti linalotaka kubadilishwa makuti yaliyooza. Usipoleta makuti mapya, mwili unang'oa ya chumbani ili uzibe ya sebuleni, na chumba kinachong'olewa kwanza ni misuli.

Na tusidanganyane: kula protini kupita haja hakumpi mtu misuli akikaa barazani. Ziada huchomwa kama kuni, au hugeuka mafuta vilevile. Misuli inataka chakula chake na kazi, vyote pamoja. Wewe kazi unayo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni hicho cha kwanza.

Kwa nini kikosekane pwani? Jibu refu linaitwa muhogo. Zao hili lilitoka Amerika ya Kusini, likaletwa Afrika na Wareno haohao. Ni zao la kushukuriwa. Halitaki ardhi nzuri, linavumilia jua, na linakaa ardhini likikungoja. Wakati wa mkoloni Mwingereza watu walilazimishwa kulipanda kuwa akiba ya njaa, na baada ya Uhuru, ukame wa 1974 ulipokuja na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, muhogo tena ulisifiwa. Lakini hebu tupige hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 50 kwa siku. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini kama gramu 2 tu. Kwa hiyo, ili azipate zote katika muhogo peke yake, ale unga mkavu kilo mbili na nusu kila siku! Hata angeweza, wanga huo ungekuwa karibu mara tatu ya anaouhitaji, na ziada ingekwenda tumboni kuwa mafuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kitambi na mikono myembamba kwa wakati mmoja, na siku hizi watu wa namna hiyo wanaongezeka mijini.

Mbaazi kavu gramu 100 zina protini gramu 20 au zaidi. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kunde, choroko, njugu mawe na ufuta navyo vina yake. Tena protini imeungwa kwa vipande vidogo kama matofali, na aina za matofali ni nyingi. Mtama na mahindi vimepungukiwa tofali moja ambalo mbaazi inalo kwa wingi, na mbaazi imepungukiwa jingine ambalo nafaka inalo. Bibi zetu waliokula ugali wa mtama kwa mbaazi za nazi hawakusoma habari hizi mahali popote.

Pwani hii imewahi kuona mwili unavyokwisha. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani walipoona vita haviishi, walichoma vijiji, mashamba na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Njaa ikija, watu wa kusini huingia porini kuchimba ming'oko, na ming'oko ni wanga. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo kwanza huchoma mafuta yake, na wakati huohuo misuli inaliwa kidogo kidogo. Mafuta yakiisha, misuli inaliwa kwa kasi. Moyo nao ni msuli.

Kuna njaa nyingine inayojificha. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina la Kiga ambalo sisi tumelifanya kwashakoo. Wengine husema unyafuzi. Mtoto anavimba uso na miguu, na majirani humwambia mama, "Mwanao kanenepa." Bonyeza mguu wake kwa kidole: shimo linabaki. Yale ni maji. Ngozi inaweza kuwa na mafuta kidogo bado, lakini misuli ya mikono na mapaja imekwisha. Mtoto huyo apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na mwaka 1975 redio iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakisikiliza kwa vikundi na kujadiliana. Wazee wengi mnaikumbuka. Siku hizo dunia nzima iliimba protini, protini. Kisha mwaka 1974 mtaalamu Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba tumepotoka: watoto wengi wamepungukiwa na chakula chote, si protini peke yake. Alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Mtoto akinyweshwa uji mwepesi, tumbo lake dogo linajaa maji, nguvu haitoshi, na protini kidogo aliyoipata inachomwa kama kuni. Ni sawa na kutia mlango wako jikoni kwa kukosa kuni. Leo tunajua pia kuwa kuhara na surua hushiriki kuleta kwashakoo. Kwa hiyo uji wa mtoto uwe mzito, utiwe karanga au ufuta uliopondwa. Hapo mafuta si adui hata kidogo.

Kuhusu nyama na maziwa, pwani ya kusini haikuwa na ng'ombe wengi kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu walihamishiwa Lindi na mifugo yao. Ugomvi na wakulima umekuwepo, tusifiche, lakini maziwa nayo yamekaribia.

Sasa nirudi kwenye mbaazi, maana hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Mbaazi zetu nyingi zinakwenda India. Mwezi Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuzinunua kutoka nje, bei ikaanguka vibaya, na magunia yakabaki ndani ya nyumba. Wakulima walisikitika, na walikuwa na haki. Lakini miaka ya bei nzuri, tunauza hata punje ya mwisho, halafu Februari tunakula muhogo kwa chumvi. Fedha imeingia, misuli imetoka. Mzee wa nyumbani ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu baada ya miaka 60 misuli hupungua hata kwa mtu mwenye afya, na yeye anahitaji protini kwa kila kilo ya mwili kuliko kijana, ingawa tumemzoea kumpa mchuzi na kumwachia kijana samaki.

Gunia moja la kilo 100 likiachwa ndani linatoa zaidi ya robo kilo kila siku kwa mwaka mzima. Kwa nyumba ya watu sita, kila mmoja anapata protini kama gramu 9 kwa siku, juu ya ile ya dagaa na nafaka. Kabla ya kuuza, litenge hilo gunia. Zianike mbaazi juani mpaka zikauke kabisa, zichanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, zitie katika pipa au mtungi uliojaa mpaka juu, uzibe vizuri ili fukusi wasipate hewa. Kila mwezi fungua uangalie. Ukiona vitundu, anika tena siku hiyohiyo.