Siku Mbili Chake Chake

Waingereza wana desturi ambayo nimeipenda tangu nilipokwenda kwao kwa masomo mafupi ya ualimu. Mwisho wa juma mtu huchukua kijibegi chake, akapanda gari moshi, akaenda kulala usiku mmoja au miwili katika mji mdogo wa kale. Hana jamaa huko wala kesi mahakamani. Anakwenda kuutazama mji tu, kama mtu anavyofungua kitabu. Mwenyeji wangu alinipeleka Ludlow, karibu na mpaka wa Wales. Ngome ya mji ule ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, na soko lake mpaka leo hukaa kwenye uwanja ulio mbele ya lango la ngome. Zamani soko halikuanzishwa kiholela huko Uingereza. Mfalme ndiye aliyetoa hati, na hati hiyo ikataja siku ya soko, na bwana wa mji akakusanya ushuru. Ngome ililinda soko, soko likailisha ngome.

Sisi Wapemba tunao mji wa namna hiyo, nao ni Chake Chake. Una ngome juu ya kilima, una marikiti, una jengo la serikali lenye mnara wa saa, una hori ya bahari iliyowahi kuleta vyombo mpaka chini ya mji. Lakini sisi tunakwenda Chake kwa shida. Tunakwenda hospitali, tunakwenda mahakamani, tunakwenda benki, kisha tunakimbilia gari la mwisho la kurudi Wete, Konde au Mkoani. Basi mwaka uliopita, katika mavuno ya karafuu, nilitenga Jumamosi na Jumapili, nikaenda Chake bila ya haja yoyote ila kuutazama mji. Niliyoyakuta ndiyo ninayoyaandika hapa.

Anayetaka kuufahamu mji huu aanze na bahari. Chake imekaa magharibi ya kisiwa, mwishoni mwa ghuba refu lililoingia ndani na kuzungukwa na mikoko. Maji yakijaa, majahazi yaliweza kuingia, na yakitoka hubaki tope tupu. Mji wa namna hii hauonekani kutoka bahari kuu, na adui asiyejua mkondo hawezi kuufikia kwa urahisi. Ila tope nalo lina nguvu zake. Kadiri miaka ilivyopita hori ilizidi kujaa, na vyombo vikahamia Wesha, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini. Kwa hiyo msafiri wa leo anaweza kuiona Chake yote asijue kwamba ulikuwa mji wa pwani.

Ngome yenyewe ni ndogo kuliko sifa yake. Maelezo ya mwanzoni mwa karne ya 19 yanasema ilikuwa ya umbo la mstatili, yenye minara minne pembeni, miwili ya mviringo na miwili ya mraba, imeezekwa kwa makuti. Mnara wa mviringo ni kawaida katika ujenzi wa Waswahili na wa Waomani, lakini mnara wa mraba si wa kawaida, na ndiyo maana wako wanaodhani kwamba Wareno walitia mkono wao hapo kabla. Katika karne ya 18 Pemba ilikuwa chini ya Mazrui wa Mombasa, hata ilipofika miaka ya 1822 na 1823 majeshi ya Seyyid Said wa Oman yakawatoa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya ngome ili kupata nafasi ya hospitali. Sehemu iliyosalia imefanywa makumbusho.

Kijana mmoja, mwalimu wa historia niliyewahi kumfundisha chuoni, alinikuta pale akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Shikamoo Mwalimu. Sisi hatuna bahati. Hata ngome tuliyokuwa nayo wametuvunjia." Nilimjibu kwamba mimi siilii sana. Ngome ilijengwa ili watu wa Pemba wasiinue kichwa, na hospitali imejengwa ili wapone. Kama ni lazima jiwe moja litumike mara mbili, kazi ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Lakini maneno yake hayakunitoka, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na dhana wanayoishika wengi wa vijana wetu, ya kwamba historia ni majengo, na kwamba asiye na majengo hana historia.

Kama ni majengo, Pemba ina magofu yaliyo makongwe kuliko ngome ile kwa mamia ya miaka. Siku ya pili nilipanda mashua Wesha nikaenda Ras Mkumbuu, ambako msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo yamesimama kimya katika majani. Mwanachuoni wa Kiarabu al-Masudi aliyesafiri katika bahari hii mwaka 916 aliandika habari za kisiwa alichokiita Kanbalu, chenye Waislamu waliokuwa wakisema lugha ya Zanj. Wako wataalamu waliodai kwamba Kanbalu ni Ras Mkumbuu, na wako wanaoelekeza kidole Tumbe, kaskazini ya kisiwa, ambako wachimbuaji wamekuta mji uliokuwa na watu wengi tangu karne ya 7 hata ya 10. Jirani yake, Chwaka, ulikuja kusimama mji mwingine wenye misikiti ya mawe uliodumu hadi karne ya 16. Na kusini mashariki ya Chake kuna Pujini, ngome ya Mkama Ndume, ambaye kwa hadithi za wazee aliwatesa watu wake kwa kuwabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio. Hadithi hiyo ina somo ndani yake. Watu walisahau vita vya mfalme yule, wakasahau biashara yake, lakini waliobeba mawe hawakusahaulika.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mji wa Chake kwa jicho jingine. Swali la mji wa soko si nani aliyekaa ngomeni. Swali ni kitu gani kiliuzwa, na nani aliyekibeba.

Kwa karne nyingi kitu hicho kilikuwa mpunga. Waarabu walikiita kisiwa chetu Jazirat al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani, na ukijani huo ulikuwa ni chakula. Pemba ililisha Mombasa. Wareno walipoishika pwani walitegemea mchele wa Pemba, na Mazrui nao hali kadhalika. Ndiyo sababu mmoja baada ya mwingine hakukubali kiponyoke. Leo ukisimama katika maduka ya Chake utaona magunia ya mchele uliotoka ng'ambo ya mbali, nasi tunaununua. Kisiwa kilichokuwa ghala la pwani kimekuwa mnunuzi. Haya hayakutokea kwa uvivu wa watu, kama wanavyosema wasiojua. Yametokea kwa sababu ya mti mmoja.

Mkarafuu uliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akausukuma kwa nguvu. Mwanzoni Unguja ndiyo iliyoongoza. Kisha mwezi wa Aprili 1872 kikapiga kimbunga kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaigusa Pemba kidogo tu. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye uwezo akataka shamba Pemba. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka kwetu, na miji yetu mitatu, Mkoani, Chake na Wete, ikanawiri kwa kupokea magunia na kuyapakia vyomboni.

Sasa, nani aliyepanda miti ile? Mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, yaani 1873, Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mashamba mapya ya Pemba yalikuwa yakidai mikono, na mikono hiyo iliendelea kuletwa kwa siri, usiku, katika hori na mikoko kama hii ya Chake. Utumwa wenyewe ulibaki kuwa halali hadi Aprili 1897, Sultan Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuuondoa. Na hata amri hiyo ilikuwa na masharti. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, masuria hawakuingizwa mpaka 1909, na fidia ya fedha alipewa bwana, si mtumwa. Mwaka huohuo wa 1897 Wakristo wa madhehebu ya Quaker kutoka Uingereza walinunua shamba la Banani, karibu na Chake, wakawapa kazi ya ujira walioachwa huru. Wengi wengine walibaki palepale walipokuwa, wakilima vipande vya bwana wa zamani.

Jumamosi jioni nilikaa kwenye baraza karibu na marikiti na mzee mmoja aliyekuwa hamali wa magunia ya karafuu tangu ujana wake. Alinihadithia jinsi karafuu mbichi zinavyochambuliwa usiku kucha kwa mwanga wa kandili, watoto wakisinzia juu ya majamvi. Jinsi wachumaji walivyolipwa kwa pishi. Jinsi mvua moja ya ghafla inavyoweza kuharibu karafuu za siku nne zilizokaribia kukauka. Nilimwuliza wazee wake walitoka wapi. Alinyamaza kidogo, akatazama watu waliokuwa wakipita, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi ni watu wa hapahapa. Babu alikuja kwa bahari, hakujaaliwa kuchagua." Sikumwuliza zaidi. Katika kisiwa hiki neno hilo halisemwi mbele za watu, na anayelisema hulisema mara moja tu.

Nimeyafikiri sana maneno ya mzee yule. Jina la Mkama Ndume tunalo, la Seyyid Said tunalo, hata majina ya madhehebu na makampuni tunayo. Babu yake hamali hana jina katika kitabu chochote, ingawa mikarafuu aliyoipanda ndiyo iliyojenga mji. Na mikarafuu ile nayo imezeeka. Mingine imekufa, mingine imeng'olewa, na miche mipya inapandwa mahali pake. Mti wa mwisho aliouotesha ukianguka, na mjukuu wake akifa bila ya kusema, atakuwa amefutika kabisa.

Baada ya watumwa, fedha ya karafuu iliendelea kugombewa. Jumuiya ya wakulima wa karafuu, CGA, iliyoanza 1927, ilipewa mamlaka makubwa kwa sheria ya 1934, na wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga hata Bara Hindi ikasusia karafuu za Zanzibar mwaka 1937. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa ndiyo mnunuzi pekee, kupitia Shirika la ZSTC. Bei ikiwa ndogo, karafuu zilivuka bahari usiku kwenda Kenya. Huu nao ni mkondo wa zamani: Pemba na pwani ya Mombasa hazijapata kutengana. Hata msiba uliotufika tarehe 27 Januari 2001, watu walipouawa katika maandamano kisiwani, zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni kwa njia hiyohiyo ya bahari waliyopita wafanyabiashara wa mpunga. Mji wa soko haufi kwa kufungiwa mlango mmoja. Watu wake wanajua milango mingine.

Ludlow nilionyeshwa mawe, nikafurahi. Lakini hakuna aliyenionyesha mtu aliyeyabeba, kwa kuwa yapata miaka 900 imepita na hapana aliye hai wa kusimulia. Chake tuna bahati ambayo Ludlow hawana, ingawa haitadumu. Wajukuu wa waliopanda, wa waliochuma na wa waliobeba bado wako hai, wamekaa kwenye baraza, wanakunywa kahawa.

Kwa hiyo nawausia walimu wenzangu mlio kazini. Msiwapeleke wanafunzi ngomeni tu wakanakili tarehe za masultani. Wapelekeni marikitini, kila mmoja na daftari lake, amtafute mzee mmoja, ampe shikamoo, amwulize: mlilipwa pishi kwa bei gani, mlianika wapi, nani aliyewafundisha kukwea mkarafuu bila ya kuvunja tawi? Swali la ukoo msilianze nyinyi. Mzee akitaka atalisema, na akilisema liandikwe kwa heshima, bila ya jina kama hapendi litajwe. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili wala gari la wizara. Inahitaji Jumamosi moja na Jumapili yake, na masikio.