Kompyuta kuukuu na chipu zisizotengenezwa tena

Hewa ya chumvi, kama ile ya Munje huko Kwale, hula miguu ya chipu. Kwa hiyo fundi wa pwani hana budi kusafisha soketi kabla ya kuihukumu chipu kuwa imekufa.

Ikiwa imekufa kweli, kazi hutegemea ni ipi. KIM-1, kompyuta ya bodi moja ya mwaka 1976 kutoka MOS Technology ya Marekani, hutumia prosesa ya 6502. Mrithi wake, W65C02S, angali akitengenezwa, ila asichomekwe hivi hivi. Mguu wa kwanza wa 6502 huungwa na hasi. Kwa mrithi, mguu huo hutoa ishara, na ukiungwa na hasi chipu yaweza kuungua. Sharti ukatwe njia.

Taabu kubwa ni chipu mbili za 6530, zinazohifadhi programu ya kuiendesha mashine. Badala yake hutumika 6532, isiyo na hifadhi hiyo, pamoja na kibao kidogo chenye EPROM iliyoandikwa programu ile ile. Kwa bahati njema, programu hiyo ilichapishwa katika kitabu cha mwongozo cha KIM-1.