Mfalme Aliyebatizwa Jerónimo

Tulianzia Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah, Mombasa. Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wetu Wakatoliki, na kiongozi Mwislamu, mzaliwa wa Mji wa Kale. "Ukatoliki wa hapa ni wa zamani kuliko jengo hili," alituambia. "Twendeni kwa miguu."

Tukapita Ndia Kuu, mtaa uliokuwa wa Wareno. Watawa wa Mtakatifu Agustino walikuwa na nyumba yao mjini tangu 1597. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593, tulisimama penye mabaki ya kanisa, kuta fupi juani. Hapo ndipo alipotusimulia habari za Yusuf bin Hasan.

Baba yake, Sultani wa Mombasa, aligombana na kamanda wa ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614. Mtoto alipelekwa Goa, akalelewa na watawa na kubatizwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Ikadaiwa kwamba alionekana akimwombea baba yake kaburini kwa desturi ya Kiislamu. Kabla hajashtakiwa, tarehe 16 Agosti 1631, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kamanda Pedro Leitão de Gamboa. Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, Wareno kwa Waafrika, wanawake na watoto wakiwemo.

Mama mmoja akauliza, "Sasa mwanangu, huyu ni shujaa au muuaji?"

"Mama, waliouawa walikuwa na baba zao," kiongozi alijibu. "Na yeye alikuwa na wake."

Mimi nilibatizwa Jerome, na ninasomea historia. Najua kwamba mengi tunayoyajua kuhusu siku ile yanatoka katika ushahidi wa kiapo uliokusanywa na Kanisa muda mfupi baadaye, ili waliouawa watangazwe wafiadini. Yusuf hakuwepo kuhojiwa. Aliihama ngome mwaka 1632 akawa haramia baharini. Kwa hiyo tunajua kwa undani walivyokufa wao, lakini ushahidi huo hauna neno lake kuhusu alivyoishi na jina alilopewa na watu wa upande uliomuua baba yake.

Kabla ya kutoka, yule mama alituomba tuwaombee marehemu. Kiongozi alisimama nasi, kimya. Niliwataja moyoni waliouawa 1631. Kisha nikamtaja Hasan.