Alikufa Kariakoo

Katika toleo hili la kumbukumbu utasoma habari za wazee walioanzisha ushirika wetu pande zote mbili za mpaka. Mimi naomba nafasi ndogo nikusimulie habari za mtu aliyekufa kabla yao wote: baba yake babu yangu.

Nyumbani Taita tuliambiwa jambo moja tu juu yake: "Alikufa Kariakoo." Basi. Utotoni nilidhani mzee alikwenda Dar es Salaam akagongwa na gari sokoni. Kumbe alipokufa hata hilo soko halikuwa na jina hilo. Kariakoo ni ulimi wetu ukitamka Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zote zilipata jina kutokana na kambi zao. Kwa hiyo bibi alikuwa anatutajia kazi iliyomuua mzee, sisi tukasikia mahali.

Ukitaka kumtafuta mtu wa namna hii, anza na yale madogo ambayo wazee huyarudia bila kujua uzito wake. Kwetu yalikuwa mawili: alikamatwa shambani akafungwa kamba, halafu akapandishwa meli Mombasa. Sheria ya 1915 iliruhusu serikali kuwachukua wanaume kwa lazima, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, ndipo msako ulipopamba moto. Lakini ni ile meli iliyonisaidia zaidi. Mapigano ya mwanzo wa 1916 yalikuwa hapa hapa mlangoni petu, Salaita, Latema na Reata. Huko mtu wa Taita anakwenda kwa miguu. Mwaka 1917 vita vilikuwa vimehamia kusini, na meli zilishusha askari na wapagazi Kilwa na Lindi. Naamini mzee amelala huko, pengine kando ya njia tu.

Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kwa unga wa mahindi usioiva vizuri. Hesabu rasmi za Waingereza zilikubali vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaona hiyo ni ndogo. Kila mmoja alivaa kisahani cha chuma chenye namba. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia wajane wao.

Nenda Taveta kwenye makaburi ya vita, utasoma majina ya askari kwenye mawe. Nenda Nairobi, Kenyatta Avenue, utaona sanamu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake, ya Kiswahili pia, yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Jina lenyewe halipo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Najua kuna mpendwa atakayeuliza, "Ndugu, hiyo si mizimu?" Nimeshaulizwa, tena na mzee wa kanisa ninayemheshimu sana. Sijamwaga pombe popote wala sijamwomba marehemu kitu. Na tuseme ukweli: kwa miaka mingi familia yetu ilikuwa ikikemea laana ya ukoo, eti wanaume wetu huondoka wasirudi. Tulifunga na kuomba juu ya jambo hilo. Kumbe wa kwanza alichukuliwa kwa kamba! Laana gani hiyo? Ile ilikuwa amri ya serikali. Yusufu aliapisha watu mifupa yake itolewe Misri, na Musa akaichukua. Daudi aliifuata mifupa ya Sauli na Yonathani akaizika kwao. Tena soma Ezra sura ya 2 uone yaliyowapata wale waliotafuta nasaba yao wasiione.

Mke wangu ni wa Rombo, ng'ambo ya mpaka. Nilipokuwa namsimulia haya akanyamaza, kisha akasema hata kwao yuko mmoja. Huyo alibebeshwa mizigo ya Mjerumani, naye hakurudi. Yaani wazee wetu walikuwa pande mbili za vita moja, kila mmoja na mzigo wa mwenzake kichwani, na wanangu ni damu ya wote wawili.

Mwezi uliopita nilifungua ule ukurasa mtupu wa mwanzo wa Biblia ya nyumbani. Nikaandika jina la mzee, ambalo ndilo jina langu, na mbele yake: 1917, kusini. Mke wangu akachukua kalamu, akaandika la kwao chini yake. Kama una wa kwenu, tuonane baada ya ibada, pale kwenye chai. Njoo na jina, na lolote wazee walilokuwa wakilirudia.