Shahidi Ndani ya Tanuri

Kwa karne nyingi mfinyanzi aliyetaka kujua kama kauri yake imeiva alitegemea jicho. Alichungulia tunduni akaisoma rangi ya moto: damu ya mzee, kisha chungwa, kisha manjano, kisha weupe unaoumiza macho. Lilikuwa jicho la kuheshimiwa, lakini fundi akifa au akihama, aliondoka nalo.

Mwingereza Josiah Wedgwood alitaka kipimo kisichozeeka. Mwaka 1782 aliwaeleza wanasayansi wa London kwamba udongo hunywea unapochomwa, hivyo unaweza kupima moto. Alichoma vipande vidogo vya udongo pamoja na vyombo, kisha akavisukuma ndani ya mfereji wa shaba uliokuwa ukipungua upana. Kipande kilichoingia mbali ndicho kilichoona moto mkali. Alipogeuza vipimo hivyo kuwa nyuzi za Farenhaiti, chuma cha kusubu kikatoka kinayeyuka kwa nyuzi 17,977. Hizo ni karibu 10,000 za Selsiasi, moto kuupita uso wa jua, ilhali chuma hicho huyeyuka kwenye 1,200 au chini kidogo. Udongo haunywei kwa mwendo mmoja. Hujivuta taratibu, halafu hujikaza ghafla sehemu yake inapoanza kugeuka kioo.

Mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii ni Hermann Seger, mkemia wa kiwanda cha kifalme cha kauri mjini Berlin. Mwaka 1886 alitangaza koni zake, piramidi nyembamba za pembe tatu, kila moja na namba yake. Seger alikubali kwamba udongo hubadilika kwa kigeugeu, akauliza: je, nikichagua mimi mwenyewe kitakachoyeyuka, na lini?

Hapa ndipo wanafunzi wangu wa ufinyanzi hunibishia. Chokaa peke yake huhitaji zaidi ya nyuzi 2,500 kuyeyuka, alumina kama 2,050, silika kama 1,700. Zichanganye tatu kwa kadiri yake, zinaanza kuyeyuka kwenye 1,170 tu. Sibishani nao. Nachukua kaolini ya Pugu, nafinyanga kidonge kimoja kitupu, na kingine nakichanganya na chokaa na mchanga mweupe uliosagwa. Navichoma sahani moja hadi 1,250. Cha kwanza hutoka cheupe na kikavu, ukikiparuza kinaacha unga kidoleni. Cha pili hakipo tena: kuna doa la kioo lililogandamana na sahani, halitoki hata kwa patasi.

Seger alilifanyia hesabu jambo hilo. Koni namba 4 aliipa sehemu 0.3 za potashi, 0.7 za chokaa, 0.5 za alumina na 4 za silika, akihesabu kwa molekuli, si kwa uzito. Malighafi zilikuwa feldispa, marumaru, kwatzi na kaolini. Kwa koni za juu aliongeza alumina na silika hatua kwa hatua, zikazidi kuwa sugu. Kwa kushuka kuelekea namba 1 aliitoa alumina kidogo kidogo na kuweka oksidi ya chuma mahali pake. Koni ikifikiwa na moto wake hulainika, ncha huinama, na inapogusa kitako chombo kimeiva.

Ile oksidi ya chuma ilileta taabu. Moto ukifungiwa hewa hadi ukatoa moshi, oksidi hiyo hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikawa kiyeyushi kikali, na koni huanguka kabla ya wakati. Baadaye zikatengenezwa koni zisizo na chuma kabisa.

Koni za moto mdogo ziliongezwa baada ya zile za kwanza, kwa kutumia boroni na risasi, na kwa kuwa namba 1 ilikwisha kuchukuliwa, zikapewa sifuri mbele. Ndiyo maana 06 huinama karibu na nyuzi 1,000, na 6 kwenye 1,220 hivi. Mwaka 1896 Edward Orton alianza kuzitengeneza Ohio, Marekani.

Miaka hiyohiyo ya Seger, Mfaransa Henry Le Chatelier alitoa kipimajoto cha nyaya za platini, sahihi kweli, na vizazi vyake vimo katika matanuri ya umeme ya leo. Nakitumia, lakini sikiamini peke yake. Nyaya hutaja joto la pale zilipo na la dakika ile. Kauri huhesabu pia saa ilizokaa motoni: ukipandisha taratibu, oksidi hupata muda wa kuyeyushana, na chombo huiva kwenye nyuzi chache zaidi. Koni imetokana na mawe yaleyale ya chombo, nayo huhesabu hivyohivyo. Kwa hiyo kila rafu ya tanuri langu huwekwa koni tatu, namba moja chini ya ninayoitaka, yenyewe, na moja juu yake. Ya kwanza ilale chali, ya pili iguse kitako, ya tatu isimame. Mara nyingi rafu ya chini husema jambo tofauti na ya juu, na kioo cha namba za umeme kinaonyesha tarakimu moja tu.